Chenga za Mama wa Kambo

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umfikishie wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Baba hajambo, ila nyumba haijatulia.

Uliniagiza nije nimchunguze mama wa kambo kabla hujaja kumhamisha mzee. Nimechunguza kwelikweli. Tangu daktari amkataze baba mafuta mengi, huyu mama anachovya samaki kwenye yai, anawagaragaza kwenye chenga nyeupe za kopo lisilo na jina, kisha anawaoka. Nilipouliza, alisema zinaitwa panko, chenga za Kijapani za mkate usio na ganda. Eti ni kubwa na kavu, hazinywi mafuta kama zile za kawaida. Baba anatafuna mpaka jirani anasikia.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Yeye mwenyewe hawagusi samaki hao. Anavaa glavu akiwaandaa, ananawa hadi viwiko, halafu anakula wali wake pembeni. Wewe ungefikiri nini? Nilichota chenga kidogo nikampelekea mwoka mikate wa mtaani. Akanusa, akasema ni mkate tu, ila wanga ni uleule, mzee asizidishe. Sikumwamini. Nilijiambia huenda yeye na mama wanajuana.

Basi Jumapili, mbele ya baba, nilimwekea mama kipande cha samaki nikamwambia kama chakula ni salama, na aonje. Baba akamtazama. Mama akala chote, akanishukuru.

Kaka, jioni alikuwa amejikunja kitandani, anatapika. Daktari alisema ngano inamdhuru utumbo tangu ujana wake. Hata baba hakujua, alidhani mkewe hapendi samaki tu. Alimficha ili mzee asije akaacha chakula anachokipenda kwa ajili yake. Nilimwuliza kwa nini hakukataa. Akajibu kwa upole kwamba angekataa, tungesema anamlisha sumu, na wewe ungemchukua baba kesho yake.

Ndivyo hasa tungesema. Nimeona haya ambayo sijawahi kuiona.

Usije kumhamisha mzee. Njoo tuombe radhi pamoja, kwani shauri lilikuwa letu sote. Baba hanisemeshi. Anayemsihi anisamehe ni huyohuyo mkewe, naye bado hajaweza kuketi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Kitindamimba