Gari la Baba Limekuwa Zembe

Nyumbani, mezani jikoni,
Ijumaa, mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Kwanza afya yako. Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuacha? Na mgongo wa mkeo je? Tafadhali usinijibu "salama tu." Mtu wa "salama tu" huwa ana lake moyoni. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba anakula vizuri na anabishana na redio kama kawaida. Mimi presha imetulia, ingawa kwa niliyoyaona majuma haya ilikuwa na kila haki ya kupanda.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikishika simu Baba huzima redio, na mtu hazimi redio bure.

Mdogo wangu, lile gari ulilomnunulia Baba liligonga ukuta. Najua uliambiwa limekwaruzwa kidogo, na najua nani aliyekuambia. Ilikuwa asubuhi, Baba anataka kumpeleka Kidosho wangu shuleni. Mtoto husimama kila siku pale pale ukutani na mkoba wake, akingoja babu arudishe gari nyuma. Siku hiyo nilikuwa nimemwita ndani nimfunge nywele vizuri. Badala ya kurudi nyuma, gari likaruka mbele, likabomoa ukuta pale pale. Baba alishuka. "Limeruka lenyewe!" akasema. "Mimi sikuligusa!"

Tulimwamini. Nani asingemwamini? Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, aliyekuwa akitushusha njiani tutembee kwa miguu tukiingiza gia kwa kelele.

Shemeji yako akasema hiyo ni kompyuta ya injini, tumwachie yeye. Unajua ndiyo kazi yake hapo barazani. Vijana humletea magari ayaongezee nguvu, na wenye taa ya injini inayowaka humletea asome ugonjwa. Basi akachomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, akanyamaza.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mume wangu akipata ubovu mpya hutuhubiria mezani mpaka chakula kinapoa. Safari hii, kimya. Nikimpelekea chai anafunika laptopu. Nikasema ahaa, kuna mwanamke. Nikachungulia akiwa bafuni, nikakuta majedwali ya tarakimu, safu juu ya safu. Mwanamke gani huyo wa tarakimu?

Baada ya kubadilisha rediata na taa, alifunga chaja kwenye betri, akajifungia ndani ya gari na laptopu yake, jua la mchana kweupe, jasho linamtiririka. Akatukataza kufungua mlango, akasema umeme wa betri ukiyumba wakati anaandika, kompyuta ya gari inakufa. Nikajiuliza, kuandika? Nani alimtuma aandike? Kazi ilikuwa kusoma.

Akamrudishia Baba ufunguo. "Limepona, Baba," akasema, akiangalia viatu vyake.

Haikupita muda Baba akaanza kulalamika. Gari limekuwa zembe. Pale kwenye mlima wa tangi la maji, baiskeli zinampita na kumpigia kengele. Mimi nikaunganisha moja na moja. Nikasema huyu bwana ameng'oa kompyuta nzima akaiuza, akaweka mbovu. Au anataka Baba alichoke gari, akabidhiwe yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Najua unacheka, utasema dada ndiye yule yule anayehesabu vijiko fundi bomba akishatoka. Lakini vijiko vyangu vyote vipo.

Jana nikaomba gari, nikasema naenda kusaga unga. Nikalipeleka kwa Fundi Waya, yule mpinzani wa shemeji yako nyuma ya soko. Akapima. Akaniambia kompyuta ni ile ile ya gari, haijaguswa hata skrubu. "Ila dada, hili gari limetiwa adabu," akasema. Akanieleza kwamba mtu amebadilisha maelekezo yaliyomo ndani. Ukikanyaga mafuta, injini inasikia nusu tu, tena inajivuta. Hata ukikanyaga mpaka chini haliruki. "Watu huja waongezewe, huyu kapunguza. Na kazi safi kweli! Nani kaifanya?" Nikasema sijui.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamwambia shemeji yako, nimeshaonyeshwa kila kitu, sema mwenyewe. Hakubisha. Akafungua laptopu, akanionyesha. Kumbe gari linapopata hitilafu, kompyuta yake huweka kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati ule ule. Ile ya siku ya ukuta ilionyesha pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Nikasema labda pedali ndiyo iliyodanganya. Akasema ina vipimo viwili vinavyochungana. Kimoja kikidanganya kingine hukisuta, na siku ile vyote viwili vilisema neno moja. Gari lilikuwa zima. Ni mguu.

"Mimi ni mkwe," akaniambia. "Nitaanzaje kumwambia mzee kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki? Kompyuta naweza kuifunza adabu. Baba yako siwezi."

Mdogo wangu, nilitaka kumrushia kitu. Mtoto wangu amepanda gari lile kila asubuhi, mimi nikimpungia mkono, naye anajua! Akajitetea kwamba ndiyo maana alilipunguza. Nikamwambia gari zembe nalo linaua. Kisha nikalia, kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nimemshuku kwa mambo yote isipokuwa heshima.

Tukabaki kusukumiana nani amwambie. Mwisho nikaamua uwe wewe, maana gari umelinunua wewe na uko mbali. Wazo la barua hii lilianza jana kwa ajili hiyo.

Leo asubuhi nilitoka mapema nimzuie kwa kisingizio chochote. Nikamkuta ameshakaa kwenye usukani, injini inanguruma, Kidosho bado ndani anavaa viatu. Hakunigeukia.

"Gari bovu hutengenezwa," akasema. "Hili halikutengenezwa, limefungwa kamba. Sasa anayefungwa kamba ni gari, au ni dereva?"

Nikashika mlango wa gari.

"Ile kompyuta ilisema nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Sijui nilipata wapi ulimi.

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, Baba."

Alikaa na mikono yake juu ya usukani. Kisha akazima injini, akashuka, akazunguka mbele ya gari akilishika boneti kwa mkono, akafungua mlango wa pili, akaketi. "Haya, kaa tuondoke," akasema. "Mtoto atachelewa." Nikamwita Kidosho, nikashika usukani. Njia nzima Baba alikuwa akijifuta macho kwa kiganja, nami nikajifanya nashughulika na kioo.

Kwa hiyo ile kazi niliyotaka kukupa imeisha. Iliyobaki ni ndogo. Baba atakupigia. Atakuambia ameacha kuendesha kwa sababu macho yanamsumbua. Usimuulize zaidi, usimpe dokezo kwamba unajua. Mwamini. Hata mimi nimemwamini.

Msalimie sana mkeo, na mapacha uwaambie shangazi yao anataka picha ambayo hawakununa. Kidosho anamsalimu mjomba wake. Shemeji yako anakusalimu pia. Sasa hivi yumo ndani ya gari na chaja yake, analirudishia nguvu, kwa amri ya Baba. Mungu akuzunguke kwa ulinzi wake, uingiapo na utokapo.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapokushuku,

Dada yako.