Kizazi Nisichokuwa Nacho

Hospitalini, 4 Januari 1957

Kwa mke wangu Bibi Mwanaima, Vanga,

Shikamoo Bibi. Mimi mzima, isipokuwa miguu, maana kutwa nasimama. Wewe je? Meno yaliyobaki bado yanatafuna?

Usiniite tena Kibwana mtoro wa chuo cha Kurani. Sasa ni karani wa kadi. Mgonjwa akitoka kwa daktari, kadi yake huja kwangu. Kuna kitabu kinene kimetoka Ulaya, kila ugonjwa una namba yake, nami ndiye mwandika namba. Malaria inayo, kichocho kinayo, hata aliyeangukiwa na nazi anayo. Darasa la sita tu, Bibi, na daktari mzima hafungi hesabu ya mwezi bila mkono wangu! Ila jioni nikifumba macho naona namba tu, usingizi wenyewe nauona kwa mbali.

Nikipata mshahara nitakuposa upya. Msalimie mke mwenzio, yule mbuzi.

Mjukuu wako na mume wako,
Kibwana

Vanga, Mfunguo Tisa

Kwa mume wangu asiye na ndevu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa furaha, kisha nikairudia kutafuta uongo. Hii yangu ni kwa herufi za Kiarabu, isome polepole, ndiyo faida ya kutoroka chuo. Mbuzi mzima. Mimi si mzima.

Nakuambia wewe kwa kuwa ni mtani wangu. Baba yako nimemzaa, siwezi kumtamkia. Mwaka juzi nilipasuliwa hapo hapo kwenu. Huku wanajua nilitolewa uvimbe. Kweli yake ni kwamba nilitolewa kizazi chote. Damu ikakoma, nikashukuru Mungu. Lakini tangu Idi, nikiinua ndoo, kuna kitu kinashuka njia ya uzazi, laini kama yai lililomenywa. Nikilala kinarudi, nikisimama kinashuka, na mkojo haunisubiri. Natawadha, nasimama niswali, udhu umekwenda, narudi kisimani. Nikialikwa shughuli siendi, wanasema nimeota kiburi.

Nimechoka, Kibwana. Kama kweli kadi ziko mkononi mwako, niandikishe nionwe.

Bibi yako,
Mwanaima

Hospitalini, 2 Februari 1957

Shikamoo mke wangu,

Pole sana. Nilisoma nikakaa chini, kisha nikainuka kama mwanamume. Sikiliza mumeo alivyo mwerevu.

Daktari wa upasuaji huja Jumatano ya mwisho wa mwezi. Mgonjwa huanza kwa dresa, yule msaidizi wa daktari, lakini dresa wetu ni Kavumbi, jirani yake shangazi Chiku, na mdomo wa Kavumbi hauna kifuniko. Nimemruka. Kadi yako ya zamani nimeiacha kabatini, maana imesema kila kitu, nikakufungulia mpya kwa mkono wangu: "Kizazi kimeshuka," na namba yake, safi kabisa. Habari ya kutolewa sikuigusa. Mwanamke wa heshima zake, kila mpita njia asome kwamba hana kizazi? Nimekusitiri. Na kitu si kimeshuka? Basi.

Panda lori la kopra. Mwambie dereva akuweke mbele, wewe ni mke wa karani.

Kibwana, bingwa wa kadi

Vanga, mwisho wa Rajabu

Kwa karani,

Nimerudi salama. Mbele alikaa mke wa dereva mwenyewe. Mimi nilikaa juu ya magunia, kwenda na kurudi.

Sikukukuta. Waliniambia umetumwa Kwale na mafaili. Nikapangwa na wanawake wa kutolewa kizazi. Nikanyimwa chakula, nikavishwa gauni, nikalazwa. Daktari akatazama, akauona mshono wangu wa zamani, akamwuliza sista Rispah, "Huyu ameletwa kutolewa nini?"

Rispah akaisoma kadi. Nikasema, "Kizazi sina. Mlikichukua wenyewe."

"Mama, karatasi inasema uko nacho."

"Basi ipasue karatasi."

Wauguzi walicheka. Daktari hakucheka. Akasema kazi ya kutoa na kazi ya kushona si moja, hakujitayarisha kwa kushona, na hawezi kumkata mtu bila kujua alikatwa nini kwanza. Nafasi yangu akapewa mwenzangu. Nikavaa kanga zangu, nikarudi na kitu changu.

Sikukasirika, hasira inataka nguvu. Lakini mimi nilikuomba tiba, sikukuomba sitara. Niandike kama nilivyo.

Bibi yako

Hospitalini, 6 Machi 1957

Shikamoo Bibi,

Leo utani ni haba. Nilikwenda kwa sista Rispah nikasema yote. Alinipigia kelele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakapata nafuu. Akanituma kadi ya zamani, akanishonesha zote mbili kwa uzi, nikaandika: "Kizazi kiliondolewa 1955. Sasa sehemu ya juu ya njia ya uzazi imeshuka, imevuta na kibofu." Nikauliza namba. Akasema, "Maneno kwanza. Soma nisikie."

Nikasoma, na jina lako, kwa sauti ile ya kuonyesha kwamba nimesoma. Kuinua macho, dirishani yupo Mbeyu wa hapo Vanga na mtoto mgongoni. Amesikia kila neno. Nilimkimbia Kavumbi, nikakutangaza mwenyewe. Atafika kabla ya barua hii.

Umepewa Jumatano ya mwisho wa Machi. Nisamehe. Nijibu hata kwa matusi.

Mjukuu wako,
Kibwana

Vanga, katikati ya Shaabani

Kwa Kibwana,

Marahaba. Mbeyu alifika kabla, kweli. Nilijifungia ndani, hata maji nikaletewa.

Kisha akaja Mapenzi, mke wa mwalimu wa chuo, kuniomba chumvi, na chumvi kwake ipo. Akakaa upande upande, kama nikaavyo mimi. Nikamwuliza, "Na wewe?" Akalia. Jana kaja mwingine. Huyu hajapasuliwa, kizazi anacho, kimeshuka tangu mtoto wake wa mwisho. Miaka yote tunakutana kisimani, kila mtu na kanga yake kaibana. Sikufurahi kuyajua. Nimechoka vile vile, ila sasa nimepata wa kuchoka naye.

Tunakuja sote Jumatano hiyo. Kaa dirishani, usitumwe Kwale. Mimi niandike sinacho. Mwenye nacho mwandike anacho. Mapenzi mwulize kwanza, usimkisie.

Na hao wawili si wake zako. Waamkie.

Bibi yako,
Mwanaima