Madebe Tuliyoyaondoa Mezani

Klaten, Jumatano, 3 Septemba 2014

Mpendwa mshauri Bu Wening,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naahidi kukueleza yote, hata yale yanayoniaibisha, kwa sababu nimesoma safu yako gazetini tangu darasa la sita na najua ukifichwa jambo unalinusa, kisha unamsema mwandishi mbele ya wilaya nzima.

Jina langu ni Palupi, nina miaka kumi na saba, nasoma mchepuo wa biashara. Baba yangu anatengeneza kerupuk, zile chipsi nyeupe za mviringo za unga wa muhogo, na kwa miaka ishirini na miwili ameziuza kwa njia moja: kila kibanda cha chakula kina debe letu mezani, lenye kioo mbele na njiwa wawili wa buluu, na mlaji anayesubiri supu yake ya soto hufungua kifuniko mwenyewe, hula anazotaka, na wakati wa kuondoka husema mwenyewe, "Soto moja, kerupuk tatu," wala hakuna anayemchunga.

Mwaka jana ikaja kampuni kubwa kutoka Surabaya na madebe ya kijani yanayong'aa, na malori, na baba akaanza kuacha chakula nusu sahani. Wakati huohuo mwalimu wetu alitupa kazi ya kuandika mkakati wa soko kwa biashara halisi, nami nikaandika juu ya yetu, kwamba mdogo asishindane na mkubwa kwa bei bali ajitofautishe, na kwamba debe ni la kizamani na limeshikwa na kila mkono, kwa hiyo tufunge kerupuk tano tano kwenye mifuko ya plastiki yenye jina letu. Nikapata alama ya juu kuliko wote. Baba aliisoma kazi ile mara mbili, akaibandika ukutani karibu na karai la kukaangia, akawaambia wakaangaji, "Huyu binti yangu ndiye mkuu wa mikakati hapa. Mwenye swali amuulize yeye." Kisha akayaondoa madebe yote mia mbili na kumi kwa siku nne.

Bu, nani atafungua mfuko mzima akitaka kerupuk moja? Mifuko ilining'inia kwenye kamba ikala vumbi, na kabla ya wiki kwisha, pale debe letu lilipoacha alama ya mraba mezani, lilikuwa limekaa la kijani. Nilikwenda kwa Bu Lastri, muuza soto anayenijua tangu nabebwa mgongoni, nikamwomba aturudishie nafasi yetu.

"Nafasi gani, Nduk, binti yangu?" akasema, bila kuacha kukata ndimu. "Nafasi ya mezani ni kama kiti cha harusini. Ukiinuka mwenyewe, usirudi kuuliza nani amekikalia."

"Lakini Bu, zetu ni tamu zaidi."

"Utamu umo mfukoni. Wateja wangu wameshika vijiko, hawakuja na mkasi."

Sasa Paklik Gimin, mdogo wake baba, ana dawa yake: tuuze kwa nusu bei mpaka watu wa kijani wakimbie. "Tembo naye huchoka, Kaka," anasema. Kila nikimwambia kwamba wao wana malori kumi na moja na sisi tuna baiskeli sita, ananijibu, "Tulia, Bi Mkuu wa Mikakati, mifuko yako imetutosha." Na baba, badala ya kunikaripia, anamkatiza: "Mwache! Palupi aliwauliza walaji arobaini, imeandikwa pale ukutani. Walaji ndio waliogeuka. Siku hizi wanataka rahisi tu, basi tuwape rahisi." Jumatatu ya tarehe 15 atauweka rehani uwanja wa kuanikia ili aweze kuuza kwa hiyo nusu bei. Uwanja ukienda, hatuna pa kuanika, na kerupuk isiyoona jua haivimbi karaini.

Nimeahidi kusema yote. Wale walaji arobaini hawakuwapo. Nilikuwa nimechelewa, kazi ilitakiwa kesho yake, nikawauliza wasichana wanane wa darasani kwetu, kwenye duka la shule ambako hakuna meza wala debe, wote wakasema wanapenda mifuko, nami nikazidisha kwa tano. Baba hajui. Madebe bado yamepangwa nyuma ya nyumba, hayajauzwa kwa watu wa vyuma chakavu, na kila nikiyaona napata tumaini dogo nisilojua nilipeleke wapi.

Tafadhali nijibu kabla ya tarehe 15: je, nimwambie baba kwamba arobaini walikuwa wanane, ilhali karatasi ile ndiyo kitu pekee anachokitazama bado akitabasamu, au nitafute kwanza mkakati mwingine ili nisimwendee mikono mitupu?

Palupi

*

Palupi,

Nimeisoma barua yako nikasonya, nikairudia, nikasonya tena. Unaandika vizuri mno kwa mtu aliyefanya upuuzi wa kiasi hiki.

Mifuko si kosa lako kubwa. Watu wazima wenye tai hukosea kuliko hapo na hawaandikii mtu barua. Kosa ni kwamba baba yako anakwenda kuweka rehani uwanja wake kwa kuwaamini watu thelathini na wawili ambao hawajazaliwa. Walaji hawakugeuka. Hawakuulizwa! Nawe unataka kumtafutia mkakati mwingine kwanza. Utautoa wapi, kwa wasichana wanane wengine?

Mwambie leo, kabla hujavua viatu vya shule. Usianze na "mwalimu alisema". Sema, "Pak, niliuliza wanane, nikaandika arobaini." Usimlilie. Akiibandua karatasi ukutani, umsaidie kuokota pini. Akitaka bado kuweka saini, uwanja ni wake, lakini aiweke akijua. Na Paklik wako umwambie, kwa adabu, kwamba tembo huchoka kweli, ila hachoki kabla ya nyasi.

Mwalimu wako alikufundisha sawa: mdogo asipigane kwa bei. Wewe ukaenda ukajitofautisha kwa kutupa kile mlichomzidi mkubwa! Juzi nilikula mboga za pecel karibu na stesheni, nikafungua debe la kijani, nikatoa kerupuk imelegea kama shavu la mtoto aliyesusa. Mwenye kibanda akaniambia lori hupita kila baada ya siku kumi. Baiskeli zenu zilikuwa zinapita lini? Kila asubuhi. Silaha unayo nyuma ya nyumba, umeiacha ishike vumbi.

Basi osheni madebe thelathini, si mia mbili na kumi. Yapelekeni kwenye vibanda ambavyo baiskeli inavifikia kabla ya supu kuchemka. Kila asubuhi jazeni mpya, zilizolegea mziondoe bila maneno, na bei ibaki ileile. Kwa Bu Lastri msiombe kiti kile. Ombeni kona ya meza, debe lenu kando ya la kijani, mkono wa mlaji uamue. Na Jumamosi nzima ukae hapo na daftari, uandike mkono upi umeingia debe lipi. Ukiona kumi na mmoja, andika kumi na mmoja.

Nimekukasirikia kwa sababu moja zaidi. Umelelewa na biashara ambamo mtu asiyejulikana hula bila kuchungwa, kisha husimama akataja idadi ya kweli na kwenda zake. Baba yako amewalisha ninyi kwa ukweli huo miaka ishirini na miwili. Sasa umekwisha kula, na ni zamu yako kusimama.

Ngapi, Nduk? Nane. Nenda kaseme.

Bu Wening