Raketi ya Mtu Mwingine

Handan, 3 Machi 1981

Mwanangu Cuiping,

Salamu nyingi. Nasikia huko kwenye kikosi cha mpira wa meza cha mkoa mnakula nyama kila siku, kwa hiyo sitakuuliza kama unashiba. Kifua chako je? Usilale na nywele mbichi. Mimi mgongo unaniuma kama kawaida, na vumbi la pamba hapa kiwandani ni lile lile, tunalikohoa tu.

Sasa nisikilize kuhusu raketi, maana makocha wana mikono mirefu. Sikukuchagulia kwa kubahatisha. Mkono wako una haraka, unapiga kipira kabla akili haijaulizwa. Ndiyo maana nilikuchukulia ubao mwepesi na mkavu, wa kushika kama kalamu, na raba ya vinundu vifupi juu ya sponji nene kidogo. Vinundu vifupi havijali sana mzunguko anaokutilia mwenzako. Unasogea mezani, unapiga, umemaliza. Ungekuwa mtu wa kungoja ningekuchukulia kitu kingine. Watu wa kungoja siwapendi, lakini ningekuchukulia.

Usimpe mtu raketi yako, hata kuishika tu. Jasho la mtu mwingine kwenye mpini linanitia kinyaa.

Shangazi yako,
Guizhen


19 Aprili 1981

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Uache kubeba ndoo za maji, waachie majirani. Kifua changu hakina neno. Nyama ipo, lakini ina mafuta meupe yanayoganda kwenye bakuli kabla hujakaa.

Usikasirike. Raketi yako imefungiwa kabatini kwa Kocha Luo. Nyota wetu hapa ni Fang Yaru, na msimu wa vuli atakutana tena na Hao Simin, yule msichana wa mkoa wa jirani anayemfunga kila mwaka. Anatakiwa mtu wa kuwa Simin, ili Yaru ajizoeshe naye kutwa. Nimechaguliwa mimi kwa sababu nina kimo chake.

Nimepewa raketi kama yake: mpini wa kushika kwa kiganja kizima, ubao laini usio na haraka, upande mmoja raba nyororo, upande wa pili vinundu virefu vyembamba vinavyolala ukivigusa. Nikipitisha kidole nahisi napapasa ulimi wa paka. Pande zote mbili ni nyeusi. Nasimama mbali na meza, nakata mipira kwa chini, na kila mara naigeuza raketi mkononi ili Yaru asijue ni upande upi unaomjia. Aliyeitumia kabla yangu alirudishwa kwao, na mpini bado una weusi wa jasho lake. Nimeusugua kwa siki lakini harufu haitoki.

Nilimwambia Kocha Luo mimi ni mpigaji wa karibu. Akasema, "Cuiping yuko likizo. Mimi hapa namtaka Simin."

Mwanao,
Cuiping


2 Mei 1981

Cuiping,

Marahaba. Mimi mzima, au nilikuwa mzima mpaka barua yako ilipofika. Nimeisoma nikasukuma bakuli pembeni.

Vinundu virefu! Mpira wa namna hiyo ni uchafu mtupu. Mtu anakupiga kwa haki, wewe unamrudishia mzunguko wake mwenyewe, kipira kinayumba kama mlevi, halafu unasimama kule nyuma na uso wa mtu asiyejua lolote. Na kuigeuza raketi kwa siri! Huo ni wizi, mwanangu, mwizi tu ndiye anayeficha mkono. Na huyo Luo ni mtu wa aina gani, anamvua mtoto wa watu mchezo wake kama anavyovuliwa koti? Ananichefua. Huyo Yaru naye ananichefua, nyota gani anayehitaji kufugiwa adui ndani?

Mwambie Luo shangazi yako amekataa. Akiuliza shangazi yako ni nani, mwambie alikuwa wa pili mkoa mzima katika timu za viwanda. Na aliyekuwa wa kwanza, Sun Lianfang, alikuwa mkataji wa vinundu virefu. Siku hizi anauza siki sokoni, na mimi siki nanunua mtaa wa pili.

Shangazi yako


30 Agosti 1981

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini joto limekuachia usingizi kidogo. Huku ukumbi hauna hewa, tunabandika raba humo humo, na harufu ya gundi inaingia hadi kwenye mantou, mikate yetu ya mvuke.

Nilimwambia Kocha ulivyoniagiza. Alicheka, akasema shangazi yangu aje acheze yeye. Wamenikata nywele kama za Simin. Simin hufuta kiganja mezani kabla ya kupokea, kwa hiyo nami nafuta, na ile meza inanata jasho la kila mtu. Hata mpishi ananiita Simin. "Simin, njoo na bakuli lako." Nami naitika.

Siku ya mapumziko niliiomba raketi yako. Shangazi, kila kipira kiliruka nje ya meza. Mkono ulijinyoosha kukata kila nilipotaka kupiga. Niliirudisha kabatini mwenyewe.

Na kuna jambo utalichukia. Uko mkato mmoja, naungojea mpaka kipira kimeshuka chini ya goti, ndipo naukata. Kinaondoka kimya, kinavuka wavu kwa unywele, kikitua kimekufa. Yaru hana dawa yake. Nikiupiga huo mkato nafurahi kabisa. Halafu nakumbuka ni wa mtu mwingine, najichukia hadi uji haupiti.

Mwanao,
ambaye hapa ni Simin


12 Novemba 1981

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika mara mbili tangu Agosti na hujanijibu. Kama ni ugonjwa, mwambie jirani aniandikie. Kama ni hasira, nitaipokea.

Yaru amefungwa tena na Simin, na vibaya zaidi. Mchezo mzima alikuwa ameinama akingoja ule mkato wa chini ya goti, na haukuja hata mara moja. Tulipotoka Kocha Luo alinitupia taulo lake usoni, limelowa. "Mwaka mzima tumefanya mazoezi na Simin asiyekuwepo! Umetudanganya!" Wenzangu walitazama pembeni. Bado nasikia ule unyevu shavuni.

Jioni Simin mwenyewe alinifuata bombani. Alikuwa ameniona nikimpasha Yaru moto kabla ya mchezo. Akaniuliza, "Dada, ule mkato wa chini kabisa nani kakufundisha?"

Nikamwambia, "Wewe."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi? Goti langu bovu hili? Kipira kikishuka hivyo mimi nakiaga tu. Ule ni wako, usinisingizie."

Januari watatuchuja. Kila mtu atacheza na mwenzake, watakaoshika mkia watarudi makwao, na jina langu Kocha amekwisha kulipigia mstari akilini. Tumeruhusiwa raketi yoyote. Ya kwako siiwezi tena. Hii nyingine ikinigusa kiganja natamani kunawa. Niambie nicheze na ipi.

Mwanao


20 Desemba 1981

Mwanangu,

Marahaba, marahaba zote ulizonidai. Siumwi. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi. Hapa tumeshapanga kabichi za baridi ukumbini, hakuna pa kukanyaga.

Nimekwenda kwa Sun Lianfang. Usicheke. Nilisimama mbele ya mapipa yake nikamwambia nina mtoto mkataji. Alitabasamu tu, na lile tabasamu nitazikwa nalo. Kisha akauliza, "Anafurahi kipira kikiwa wapi?" Nikasema chini ya goti. Akasema, "Basi huyo ni mtu wa kungoja. Mpe ubao laini, vinundu virefu, sponji nyembamba kama ganda la kitunguu, asipigane na mkono wake."

Nikamwambia, "Lakini na haraka anayo, namjua tangu anatambaa." Hapo akanitazama vizuri. "Basi kwa nini umnyime mojawapo?"

Kwa hiyo fungua kifurushi. Mpini ni mpya, haujaguswa na jasho la yeyote isipokuwa langu. Upande mmoja ni huo uchafu wa vinundu virefu. Upande wa pili ni vinundu vifupi na sponji nene, kama zamani. Kata ukiwa mbali, na siku mwenzako akichoka kuinama, geuza raketi, sogea mezani, umpige kama nilivyokufundisha. Pande zote nimeweka nyeusi. Ndiyo, mimi. Nimebandika nimefunga leso puani, na si kwa ajili ya gundi.

Usiniandikie ulishinda kwa upande upi.

Shangazi yako,
mwizi wa uzeeni


9 Mei 1982

Shangazi yangu,

Shikamoo. Vipi mgongo, na je, kabichi ziliisha kabla hazijaoza? Mimi mzima, na nywele zinaota.

Ya Januari ulishayasikia, kwamba nilibaki kikosini. Ila sikukuandikia kwamba Yaru alimwomba refa aikague raketi yangu. Refa aliigeuza, akaigusa kila upande, akairudisha kwa ncha za vidole, amekunja uso kama aliyeshika panya. Ulikuwa uso wako mtupu, Shangazi. Niliupenda sana. Na wiki iliyopita, kwenye mashindano ya mikoa, nimemfunga Simin. Alinikumbatia wavuni, akaninong'oneza, "Sasa watakuchukia vizuri."

Leo nimejua alichomaanisha. Kwenye kikosi chao wamemchukua msichana mwenye kimo changu. Wamemkata nywele, wamempa raketi ya vinundu pande zote mbili, nyeusi tupu, anasimama mbali akingoja kipira kishuke chini ya goti. Kocha Luo aliposikia alinipiga begani kwa furaha, akasema hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko medali. Nilitoka nje nikatapika.

Huko wanamwita Cuiping. Nataka kumwandikia asimpe mtu raketi yake. Nimeuliza jina lake halisi kwa kila mtu aliyetoka huko, hakuna aliyelijua.

Mwanao,
Cuiping