Ujumbe Niliokusomea Rugaaga

Nakivale, 14 Juni

Kwako dada Orpa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Oruchinga, wewe na mwanao Shimwa, na mguu wako umeacha kuvimba. Sisi tupo. Mvua imekuwa mingi, maharagwe yameoza. Mama Annonciata anakusalimia sana.

Dada, nasikia hata sasa hutaki kusikia jina la Mbabazi, yule Mganda aliyekuwa fundi wa ujenzi pamoja na mume wako Yobu kule Mbarara. Unasema alikuandikia mambo ya kazi wakati Yobu anakufa. Siku ya mazishi ulimfukuza mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimekushika mkono, nikanyamaza.

Unakumbuka tulikuwa tunapalilia shamba kule Rugaaga, ujumbe ukaingia kwa Kiingereza, ukanipa simu nikusomee. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya Kiingereza na nilitaka kila mtu ajue. Niliangalia mara moja tu, nikakuambia Mbabazi anasema kazi ni mbaya sana, ukiweza uende. Ukacheka, ukasema kazi ikiwa mbaya Yobu mwenyewe atajua la kufanya. Siku ya tatu tukaitwa kuchukua maiti.

Hospitalini niliona karatasi yake. Huyu tuliyemwita Yobu, kwa Kiingereza ameandikwa Job. Mbabazi aliandika job, herufi zote ndogo, kama watu wanavyoandika kwenye simu. Ikianza na herufi ndogo ni kazi. Ikianza na kubwa ni jina la mume wako. Alikuambia Yobu yuko vibaya sana, uende. Nimelijua hilo tangu siku ile, dada, nikamwacha mtu asiye na kosa abebe aibu yangu.

Wiki iliyopita nilimfuata Mbabazi kwenye nyumba anayojenga karibu na Makenke, nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mama hakujua?" Nikasema hukujua. Akakaa juu ya matofali. Akaniambia alijaribu kukupigia pia, mtandao ukakataa. Yobu alikuwa anauliza kila saa kama umefika, naye kila mara alimjibu kwamba uko njiani. Alikufa akijua unakuja.

Sikuombi unisamehe leo. Ukipata nguvu ya kuandika, mwandikie Mbabazi kwanza.

Mbusu Shimwa kwa ajili yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Gisèle