Kompyuta ya Mama Yako Iko kwa Fundi

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Diski ya mama yako usiiguse kwanza. Iko juu ya kabati, nimeizungushia taulo.

Asubuhi nilizima swichi zote kabla ya kuoga, kama tulivyolelewa bwenini, nikaikata kazi uliyoianza jana: video za marehemu mama yako zilikuwa zimebaki chache tu kunakiliwa, sasa ni kuanza upya. Ukasema, "Baba, hapa si bweni!" Haki ilikuwa yako.

Kompyuta mpya sinunui. Herufi A ya hii imefutika kwa kidole cha mama yako. Ila matundu yake ya USB ni ya kizamani, mwendo wa kobe. Fundi ataichomekea ubavuni kadi yenye matundu ya kasi, na kazi ya siku nzima itakwisha kwa saa chache. Kesho utasafiri na nakala yako.

~~Mimi sihitaji kuzitazama.~~ Toa nakala mbili. Video ile anamoimba akianika nguo, nisubiri tuitazame pamoja. Miaka miwili sijaisikia sauti ile.

Swichi ya mezani nimeibandika karatasi: "Isizimwe." Inanihusu mimi.

Baba yako