Koti la Njia ya Kamanyola

Jumatatu, 7 Oktoba 1957
Kamanyola tena. Barua za kampuni, mufuko mumoja, kwenda na kurudi. Mvua toka Nyangezi. Koti langu la kaki limelowa mpaka ndani. Kwenye kona ambako Bahati alianguka nimeshuka, nimesukuma pikipiki kwa mikono. Hakuna aliyeniona. Bahati ndiye aliyepeleka barua kabla yangu. Patalo, suruali yake ya kaki, ilichanika kwenye mawe, nyama ya paja ikaenda nayo. Sasa amelala hospitali ya Katana, na mimi ninaendesha pikipiki yake.

Ninaogopa. Nyumbani siwezi kulisema neno hilo.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimemuomba mukubwa, muzungu wa biro, ofisi ya kampuni, anirudishe kwenye mashine ya kuandika. Hapana. Nimeomba basi kampuni inipe nguo za njia. Amejibu kwamba pikipiki ni ya kampuni, mwili ni wangu. Asiyetaka arudishe funguo, za pikipiki na za nyumba.

Nyumba ya kambi ya wafanyakazi, vyumba viwili. Muke wangu Antoinette yuko na mimba. Nitaenda wapi?

Jumamosi, 12 Oktoba
Magasin, duka la Mugiriki. Koti la ngozi liko kwenye kioo, rangi ya kahawia, na patalo yake. Sisi weusi tunauziwa kwenye dirisha la pembeni. Nimeomba nilijaribu. Mugiriki amesema, bila hasira, kwamba nikilivaa hakuna muzungu atakayelinunua tena. Ameniachia nishike mukono wa koti tu. Laini sana. Kiwiko sikukiona. Magoti ya patalo sikuyaona. Nilipe kwanza, mengine niyajue nyumbani.

Bado ninalitaka. Ninaona haya kulitaka.

Jumapili, 13 Oktoba
Katana, kwa kamio, lori la misioni. Bahati amekonda. Sikuja kwa huruma peke yake, nilikuja kuuliza juu ya nguo, na nimemwambia hivyo. Hakuchukia. Koti lake lilikuwa la ngozi kweli, lakini ngozi nyembamba ya kutembelea mjini. Lilifunguka kwenye mushono kabla yeye hajaacha kuteleza. Amenishika mukono.

"Usiangalie fasi inayong'aa. Angalia fasi utakayoangukia. Kiwiko, bega, nyonga, goti."

Jumanne, 15 Oktoba
Nimeenda Kadutu kwa Papa Cirhuza, fundi wa kushona. Anaweza kunitengenezea koti na patalo kwa turubai la kamio, tabaka mbili, blanketi kwa ndani, ngozi ya tandiko la zamani kwenye viwiko, nyonga na magoti. Kwa Mugiriki akiba yetu ingekwisha kwa koti tu, na miguu ingebaki na kaki. Nimeamua turubai.

Akiba hiyo ilikuwa ya cherehani ya Antoinette. Nimemwambia. Amesema turudi kwa baba yake, kijijini Kabare, tulime. Nimemjibu vibaya. Nimesema kule sina hata fasi ya kuweka kitanda.

"Na mimi nikuzike fasi gani?" ameuliza.

Jumatatu, 21 Oktoba
Nguo ziko tayari. Nimezijaribu pale pale mbele ya fundi. Nimechuchumaa, nimenyoosha mikono kama nimeshika usukani, nimejitupa kwenye vumbi. Watu wa soko wamecheka. Ngozi ya goti haihami. Lakini nzito. Nimefunga vifungo mpaka shingoni, nikashindwa kugeuza kichwa. Nimejiona kama mutu aliyefungiwa sandukuni. Nimevua haraka.

Alhamisi, 24 Oktoba
Nimeanguka. Kamio ya bia kwenye muteremko, matope, breki. Nimeteleza kwa ubavu mpaka muferejini. Kiwiko: ngozi imeisha, turubai limechanika, blanketi bado ni zima. Goti limevimba. Damu ni ya kidevu tu. Nimekaa kwenye matope nikalia kama mutoto.

Ijumaa, 25 Oktoba
Mukubwa ameangalia pikipiki kwanza, gurudumu na taa. Kisha koti. Amepapasa kiwiko, amefurahi. Amesema mutu aliyevaa hivi anaweza njia yoyote. Toka Novemba nitapeleka na barua za Minova, njia ya pili.

Ningevunjika mukono, wangenifukuza, tungekuwa Kabare sasa. Sikuvunjika. Nimenunua kwa pesa yetu kitu cha kunibakiza barabarani. Lakini niko na ngozi yangu ya mwili. Ninachukia koti hili. Silitoi mbele ya macho yangu.

Ijumaa, 1 Novemba
Watakatifu Wote. Misa, kisha mvua. Biro imefungwa.

Antoinette hajataja Kabare tena. Alienda mwenyewe kuomba kipande cha turubai kwa Papa Cirhuza. Mchana wote ameshona kiwiko kwa mukono, na sindano kubwa, akikata uzi kwa meno. Alipomaliza amenivalisha. Amefunga vifungo vyote. Amepapasa mabega, mbavu, nyonga, pole pole, akitafuta fasi iliyobaki nyembamba.

"Simama vizuri," amesema.

Nimesimama.